Mwanamke Mwenye Ndevu: Aibu Ni ya Nani?

Katika darsa yetu liliingia suali lililoandikwa karatasini bila ya jina. "Mwanamke akiota ndevu akaziondoa, je, amemkosa Mola wake? Na asipoziondoa, je, hana haki ya kukaa na watu bila ya kuchekwa?" Masuali ni mawili. Watu hulikimbilia la kwanza, nasi twaona la pili ndilo zito.

Kwanza na tulijue jambo lenyewe. Nywele laini za mwilini sisi twaziita malaika, na jina hilo ni zuri. Lakini zikiwa ngumu na nyeusi kidevuni au kifuani mwa mwanamke, ndimi zetu hugeuka mara moja: huyo ni jikedume, huyo ni mchawi. Ilhali matabibu wasema kwamba katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 5 hadi 10 wana hali hii. Kila mwanamke ana kiasi kidogo cha homoni za kiume. Zikizidi, au ngozi ikizipokea kwa nguvu zaidi, nywele hukomaa. Aghlabu hutokana na hitilafu ya vifuko vya mayai ya uzazi, ambayo huvuruga hedhi, huchelewesha mimba, na huweza kuleta ugonjwa wa sukari. Wengine hawana maradhi yoyote, wamerithi kwa mama na bibi zao. Katika yote haya, uchawi uko wapi?

Wako wasemao kuwa kuziondoa ni kubadilisha alichoumba Mungu. Hao huishika Hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud juu ya wanawake wenye kung'oa nywele za uso. Imamu Tabari aliichukua kwa upana wake, asiruhusu hata ndevu. Lakini Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, sawa na 1277, naye ni nguzo ya madhehebu ya Shafi tunayoyafuata hapa pwani, alimtoa katika katazo hilo mwanamke aliyeota ndevu au masharubu: kuziondoa kwake si haramu, bali ni jambo lipendezalo. Nasi twaona hoja hii ina nguvu. Mtoto wa jicho naye ameumbwa na Mungu, wala hatumwambii aliyepofuka asiende kwa daktari. Kutaka kudanganya ni mbali, na kutaka kuondoa udhia ni mbali.

Lakini hapa pana mtego. Lipendezalo si faradhi. Asiyelifanya hana dhambi. Ruhusa aliyopewa mwanamke kwa ajili ya raha yake isigeuzwe kuwa fimbo mikononi mwetu, tukamwambia, "Dawa ipo, mbona hujisitiri?" Mwenye kuacha ndevu zake hakupungua uanawake, wala hapana aliyepewa idhini ya kumcheka. Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat ilipokataza watu kudharauliana, haikutosheka na tamko la jumla. Iliwataja wanawake mbali, nao wasiwadharau wanawake wenzao. Na tujiulize kwa uadilifu: je, vicheko vya arusini si huanzia hapo?

Na mume aliyeona baada ya nikaha asidhani kwamba amepata sababu ya kumwendea kadhi aivunje ndoa. Kasoro ziruhusuzo jambo hilo katika vitabu vya Shafi zimehesabiwa, kama vile wazimu, ukoma na barasi. Ndevu hazimo.

Basi afanyeje mwenye kutaka kutibiwa? Kunyoa hakuzidishi nywele, ijapokuwa wengi huamini hivyo. Mwaka 1928 mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter, alilipima jambo hilo kwa wanaume wenye kunyoa ndevu asione ongezeko. Wako wanaotumia uzi au nta, na mijini iko mianga ya leza. Viko na vidonge vya kupunguza nguvu za homoni, lakini haviliwi ila kwa amri ya daktari, kwani vingine humdhuru mtoto tumboni; na faida yake haionekani mpaka ipite kama miezi 6. Lakini nywele zikitokea ghafla, sauti ikawa nzito, au hedhi ikakatika, hilo si jambo la urembo tena. Huenda ni uvimbe wa ndani, na kungoja ni hatari.

Sasa mfikirie mwanamke wa Njukini, upande wa Taveta chini ya Kilimanjaro. Hospitali kubwa ya kaunti iko Voi, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwake, na nauli mara nyingi imo mfukoni mwa baba au mume. Atakuwaje na ujasiri wa kuiomba, ikiwa kwao jambo lenyewe halitajwi ila kwa kicheko? Atajifunika leso mpaka kidevuni na kunyamaza, na huo uvimbe, ikiwa upo, utakua katika kimya hicho.

Ndugu zetu, nywele hazina dhambi, wala aliyeziota hakuzichagua. Kicheko ndicho tunachokichagua. Basi aibu ni ya nani? Ni ya yule aliyecheka, na ni ya yule aliyekuwa na nauli akaizuia.