Mgeni na Meza ya Mwenyeji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo viovu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu yetu mmoja afanyaye biashara ya magari alituuliza darsani juu ya chakula alichokaribishwa huko Japani. Asema wageni huketishwa mbele ya bamba pana la chuma lililopashwa moto, na mpishi hupika machoni pao, sahani baada ya sahani: kwanza mboga, kisha samaki na kamba, kisha nyama ya ng'ombe, na mwisho wali. Chakula kilimpendeza, lakini moyo haukutulia. Mwenzake mmoja alimwambia, "Kula tu, msafiri hana hesabu." Mwengine akamwambia kuwa heri angeshinda na njaa. Basi auliza: ni yupi katika hao wawili aliyesema kweli?

Kabla ya kumjibu, nitaeleza lililonifika mimi mwenyewe, si ng'ambo, bali hapa hapa Kenya, huko Soin, katika nchi ya Wakipsigis.

Soin ni upande wa chini wenye joto, ukiteremka kutoka milima ya chai ya Kericho, na huko hulimwa miwa. Tulialikwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyesomesha Mombasa miaka mingi, naye ni Mkristo. Tulikuwa watu watatu kutoka pwani. Tulipofika tuliletewa chai ya maziwa, kisha mahindi ya kuchoma. Baadaye mama wa nyumba akaleta kibuyu cha mursik, nayo ni maziwa yaliyogandishwa kwa siku nyingi katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti maalumu, hatta rangi yake ikawa ya kijivu. Hayo ndiyo heshima ya mgeni kwao.

Mwenyeji wetu akasema, "Sheikh, mbuzi yule tumemfunga tangu asubuhi tukiwangoja. Najua dini yenu. Kisu hiki ni kipya, na sufuria pia ni mpya. Chinjeni wenyewe."

Ndugu zangu, ni wangapi kwetu wangelikumbuka hayo kwa ajili ya mgeni asiye wa dini yao?

Lakini mmoja wetu alikisukuma kibuyu kwa mkono, akasema, "Sisi hatuli vyombo vya watu hawa." Aliyasema kwa Kiswahili, na mama yule Kiswahili akijua. Hakujibu neno. Alikiinua kibuyu chake, akaingia ndani. Nami nilinyamaza. Nilikuwa najua hukumu yake, na nilinyamaza kwa kumchelea mwenzangu aliyenizidi umri. Kosa lake lilikuwa la kutojua; langu lilikuwa la kujua na kufunga mdomo, na hilo ni kubwa zaidi.

Hatimaye niliinuka, nikamchinja mbuzi kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha nikaenda mlangoni nikamwambia, "Mama, utuwie radhi. Dini yetu haikusema hayo. Nakuomba yale maziwa." Akayaleta, nikayanywa. Nyama ikachomwa mbele ya macho yetu, ikaletwa kwa kimyet, yaani ugali wao, na mboga ya mgagani iliyopikwa kwa maziwa. Wallahi kilikuwa chakula kizuri. Yule mwenzetu alikula ndizi alizochukua safarini.

Sasa tuitazame hukumu. Maziwa ni tohara, na makaa si najisi. Sisi nasi huifukiza mitungi yetu ya maji kwa ubani. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akafundisha kuwa tukipata vyengine tuviache vyao, na tukikosa tuvioshe tutumie. Hakusema tuwavunjie watu nyoyo. Wala hakuwa akikitia chakula ila: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Ama ndugu yetu wa Japani, wenzake wote wawili walikosea. Safari huruhusu kupunguza sala, haihalalishi kilicho haramu. Nyama ya huko, kama haikuchinjwa na Mwislamu wala na Watu wa Kitabu, haifai. Tena wapishi wa huko mara nyingi hutia mvinyo wa mchele katika vyakula, na bamba moja hupikiwa nguruwe na ng'ombe. Lakini samaki, kamba, mboga na wali asili yake ni halali. Basi aombe bamba lioshwe na mvinyo usitiwe, kwani mpishi yuko mbele yake na kumuuliza si aibu. Katika mji wa Kobe, ambako mkahawa wa Misono ndio unaotajwa kuwa wa kwanza kupika namna hiyo mwaka 1945, upo pia msikiti uliofunguliwa mwaka 1935. Awaulize Waislamu wa huko, watamwelekeza.

Na neno la mwisho ni letu sisi wa pwani. Yule aliyekataa maziwa ya Soin, baada ya siku chache tulikaa naye katika karamu ya arusi. Biriani iliyopikwa kwa fedha za kukopa ilimwagwa mapipani, wala hakusema neno. Twaogopa kibuyu safi cha jirani, hatuogopi israfu iliyokatazwa katika Kurani! Hii si dini, ni mazoea na kiburi.

Ewe Mwislamu, ukialikwa uliza kwa adabu, kula kilicho halali, acha kilicho haramu kwa ulimi mzuri, wala usibakishe cha kutupwa. Na ukijua haki, iseme kabla mama wa watu hajainua kibuyu chake.

Mwenyezi Mungu atusamehe, na awalipe kheri waliotukirimu. Amin.