Sayari Iliyokuwapo na Sayari Isiyokuwapo

Soma 1 Wathesalonike 5:20, 21 na Matendo 17:11. Kwa nini Paulo anakataza kuyadharau maneno ya unabii, na papo hapo anaagiza yapimwe?

Sayari ya Uranusi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781. Baada ya miaka mingi wataalamu wa nyota waliona kwamba haipiti sawasawa mahali hesabu zao zilipoonyesha. Urbain Le Verrier wa Ufaransa akaamua kwamba iko sayari nyingine, mbali zaidi, inayoivuta. Alipiga hesabu ya mahali ilipo, akamwandikia Johann Galle huko Berlin. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846. Usiku uleule Galle alitazama kwa darubini, akaiona sayari tunayoiita Neptuni, pungufu ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema kwamba kisichoonekana hujulikana kwa kazi yake. Lakini habari inaendelea. Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na jua, nayo ilikuwa na hitilafu ndogo katika mzunguko wake. Mwaka 1859 Le Verrier aliifuata njia ileile, akasema kuna kitu kati ya Zebaki na jua. Daktari mmoja alidai amekiona, nacho kikaitwa Vulcan. Kilitafutwa miaka mingi, hata wakati wa kupatwa kwa jua. Hakikuwapo. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba hakukukosekana sayari. Yaliyopungua ni maelezo ya nguvu ya uvutano yenyewe.

Mtu ni yuleyule, na njia ni ileile. Mara ya kwanza alisema kweli. Mara ya pili alikosea. Basi uhakika wa moyo si ushahidi, na neno lililotimia jana halithibitishi neno la leo. Hata hivyo Le Verrier hakutenda vibaya kudhani. Alitaja mahali ambapo wengine wangeweza kutazama. Huo ni uaminifu, hata dai linapoanguka.

Je, kwetu ni hivyo? Ndugu mmoja alisema neno likatimia. Mwaka unaofuata anamwambia mgonjwa aache dawa, na hakuna anayethubutu kuuliza, kwa kuwa kuuliza kunaonekana ni kukosa imani. Anayelipa gharama ya ukimya huo ni mgonjwa. Waberoya walimpima Paulo mwenyewe, nao wakasifiwa. Kumpima msemaji si kumdharau. Ni kumpenda yeye pamoja na wale watakaomfuata.

Maswali ya Kujadili:

1. Tunawezaje kumuuliza kiongozi tunayemheshimu bila kumvunjia heshima?

2. Je, ni jambo gani unaloliamini kwa sababu tu aliyelisema aliwahi kusema kweli? Utalipimaje juma hili?