Nazi, Kitani na Besi ya Mjomba

Kosa la kwanza lilinukia vizuri. Lilikuwa mafuta ya nazi, yale ya kukamua nyumbani ambayo shangazi hutuletea kutoka Bagamoyo kwenye chupa ya maji, na niliyapaka kwenye besi aliyoniachia marehemu mjomba. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: ngozi ikipauka tunaipaka nazi, basi na mbao nayo ni ngozi.

Mjomba alipiga besi miaka mingi kwenye bendi za hotelini, mwisho wake huko Dubai, na alirudi na Warwick ya Ujerumani aliyoinunua mkononi mwa mtu. Kiwiliwili chake ni bubinga, mbao nzito nyekundu yenye mawimbi. Ubao wa vidole ni wenge, kahawia inayokaribia weusi. Zote mbili ni mbao za kwetu, za misitu ya Afrika ya Kati. Zilikwenda Ulaya zikiwa magogo, zikarudi zikiwa muziki. Jina la wenge wapenzi wa dansi la Kinshasa wanalijua kwa sababu ya Wenge Musica, na vijana wa Dar es Salaam wanalijua kwa maana ya bumbuwazi. Maana hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifaa mimi mwaka ule.

Besi nyingi tunazoziona jukwaani zimevaa koti. Chini ya rangi au juu yake kuna tabaka gumu la poliesta au poliurethani, na mkono wa mpigaji haugusi mti kabisa. Gitaa la namna hiyo unalifuta jasho kwa kitambaa kikavu, basi. Ile ya mjomba haikuwa na koti. Warwick wanajulikana kwa kuacha mbao wazi na kuipaka nta ya nyuki, na ndani ya kasha lake mlikuwa na kikopo cha nta hiyo. Mimi nilidhani ni dawa ya viatu. Nikaving'arisha viatu vyangu vya harusi, na kwa kweli viling'aa.

Usiku wa kwanza baada ya kupaka nazi, besi ilikuwa nzuri kuliko mimi. Mawimbi ya bubinga yaliamka, na mpiga solo wetu aliuliza kama nimenunua gitaa jipya. Baada ya wiki ikafifia, nikapaka tena. Ikawa desturi: kila kabla ya onyesho, matone matatu na kitambaa. Mwezi wa tatu shingo ilianza kunata. Vumbi la ukumbini liliganda humo pamoja na jasho, na pembeni mwa freti ukajengeka uchafu mweusi kama ukoko. Harufu nayo ikageuka. Nazi iliyochacha inajulikana na kila mtu aliyewahi kusahau kibakuli cha tui. Sasa fikiria kibakuli hicho kinaning'inia shingoni mwako saa nne mfululizo.

Ilipofika Julai, usiku wa kipupwe, niliona kitu ambacho mpaka leo hunichekesha. Wenge ina vitundu virefu vinavyoonekana kwa macho. Vyote vilikuwa vimejaa vistari vyeupe, kana kwamba mtu ameuchora ubao wa vidole kwa chaki. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Dar es Salaam, hata kama hatupendi kukiri, huwa inafika huko.

Hapo ndipo nilipotaka koti. Nilimpelekea gitaa fundi wa samani, mtu hodari wa kupulizia makabati na vitanda, ambaye kazi yake nimeiona na siwezi kuisema vibaya. Ilikuwa masika ya mwaka uliofuata, katikati ya Aprili, mawingu yamekaa juu ya mabati. Alilipitishia msasa, akaligeuza, akanusa, akauliza, "Ulipaka kitu humu?" Nikajibu hapana. Niliona haya kumwambia mtu mzima kwamba nimelikaanga gitaa. Neno hilo moja lilinigharimu zaidi ya mafuta yenyewe.

Alipuliza sila, kisha vanishi ya selulosi iliyozimuliwa kwa tina. Kufikia jioni uso wa besi ulikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, kama macho ya dagaa, kila mahali vanishi ilipokutana na nazi ikaikimbia. Juu ya vishimo hivyo palikuwa na ukungu mweupe. Ukungu huo haukutokana na nazi; ulitokana na mvua. Tina inaporuka haraka huupoza uso wa mbao, na hewa ya masika iliyojaa maji ikigusa uso huo hutoa umande, kama nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Umande ule unanaswa ndani ya vanishi. Fundi alijua jambo hilo na alitaka tungoje jua. Mimi nilikuwa na onyesho Jumamosi. Baada ya wiki tatu, vanishi ilianza kubanduka kwa ukucha, vipande vipana kama ganda la kitunguu.

Mwishowe nilimwendea mzee mmoja anayetengeneza magitaa Ilala, kwenye kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Nilimwamkia, akaitikia, akaliangalia gitaa.

"Nani kamuua huyu?"

Safari hii nilisema yote, tangu chupa ya shangazi.

"Nazi ya kupikia?"

"Ndiyo, mzee."

"Ungetia na mchele."

Alipomaliza kucheka aliniuliza nguo iliyofuliwa inakaukaje. Nikasema maji yanaruka. Akasema hapo ndipo watu wengi tunapopotea, tunadhani kila kinachokauka kinakauka kama nguo. Vanishi ya selulosi, hiyo ni kweli, hukauka kwa kuondoka: tina inaruka, kinachobaki ni ngozi kavu. Ndiyo maana hata baada ya miaka tina nyingine ikiigusa inayeyuka tena, na ndiyo maana gitaa la kale lenye vanishi hiyo likiegemezwa kwenye stendi ya mpira huota alama, kwa sababu vilainishi vilivyomo kwenye mpira huipenya. Epoksi ni habari nyingine, ni maji mawili yanayoshikana na kuwa jiwe, hayaruki wala hayaondoki. Inasimuliwa kwamba mpiga besi Jaco Pastorius aling'oa freti za Jazz Bass yake ya 1962, akaziba mianya, akaupaka ubao wa vidole epoksi ya mashua ili nyuzi za chuma zisiutafune mti. Kila mwaka nakutana na kijana anayetaka kuiga jambo hilo kwenye gitaa lake la pekee. Huwa namuuliza kwanza kama ana la pili.

Kitani je? Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo mafundi rangi huyaita linsidi, hayaruki hata tone. Yanakauka kwa kuingiza. Yanavuta oksijeni kutoka hewani, chembe zake zinashikana, na yale maji yanageuka ngozi nyembamba ndani ya vitundu vya mti. Yale yanayouzwa kama yaliyochemshwa yametiwa dawa za madini za kuharakisha kazi hiyo. Yasiyotiwa yanaweza kukusubirisha kwa siku nyingi. Nazi haina uwezo huo kabisa. Uiache mwaka mzima, itachacha, itakusanya vumbi, haitakauka. Nayo si peke yake: chupa nyingi zinazouzwa kwa jina la mafuta ya limau ya magitaa ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu. Hayo nayo hayakauki. Ukipaka tone na kulifuta lote, husaidia kusafisha ubao wa vidole. Ukipaka kama unavyopaka mwili baada ya kuoga, unarudi kwenye kisa changu.

Kuvua makosa yangu kulichukua siku nne. Vanishi ilitoka kwa tina na kwa kipande cha bati la msumeno kilichonolewa ukingo, ukikwangua taratibu kufuata mistari ya mti. Nazi ilikuwa mkaidi zaidi. Mzee alinifutisha kwa tina na kila mara alinitupia kitambaa kipya, maana kitambaa kilichokwisha kunywa mafuta huyarudisha palepale. Kisha msasa, 180, 240, 320, mpaka 400, nikiwa nimefunga pua na mdomo. Vumbi la wenge huwasha mapafu na ngozi, na kibanzi chake kikiingia kidoleni hakisahauliki upesi. Nilipochukua stilwaya ya kusugulia sufuria ili nilainishe shingo, alinipiga kofi la mkono. Pikapu za gitaa ni sumaku. Vumbi la chuma likishazing'ang'ania, hutalitoa.

Halafu alinipa kichupa cha linsidi, niende nikapake nyumbani. Maelekezo yalikuwa machache. Paka kidogo. Subiri kama robo saa, futa yote, mpaka kiganja kisione mafuta. Ngoja hadi kesho, rudia. Tabaka zikifika tatu au nne, liache likae siku kadhaa, ndipo lipate nta. Nikiwa nimeshavuka mlango alinipigia kelele, "Na matambara uyaanike!"

Niliitikia vizuri. Nilichosikia ni usafi. Nilidhani mzee ni mtu wa nidhamu, kama wale wazee wasioondoka kazini kabla ya kufagia randa.

Siku ya pili ya kupaka nilimaliza saa tano asubuhi. Nikatundika besi kwenye msumari ukutani, nikafinyanga matambara manne nikayasokomeza kwenye ndoo ya plastiki stoo, pembeni mwa kasha la mjomba, nikaenda mazoezini. Hapakuwa na jiko stoo, wala umeme, wala kiberiti. Mke wangu ndiye aliyesikia harufu, kwenye saa kumi, harufu kali kama ya samaki anayeungulia mafuta ya zamani. Alipofungua mlango moshi ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni, na hewa mpya ilipoingia, ndoo ikawaka.

Yale mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto. Kitambaa kikiwa kimetandazwa, joto hilo linaondoka na upepo na huwezi hata kulihisi. Kikifinyangwa, linabaki katikati ya bonge. Likibaki linaharakisha uvutaji, uvutaji unaongeza joto, mpaka pamba ishike moto yenyewe. Nguvu ileile iliyokuwa ikiimarisha besi ukutani ilikuwa inapika stoo yangu. Baadaye nilisoma kwamba tarehe 23 Februari 1991, mjini Philadelphia nchini Marekani, mafundi waliokuwa wakipaka upya mbao za ukutani kwenye ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza waliacha matambara ya linsidi wakaenda zao. Jengo lilikuwa na ghorofa 38. Ghorofa nane ziliteketea, wazima moto watatu wakafa, na moto ulisimama tu ulipofika ghorofa ya 30, ambako palikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji kutoka darini. Jengo lenyewe halikufunguliwa tena, lilibomolewa.

Sisi tulipoteza mlango na kasha; magunia mawili ya mkaa kwa bahati yalivutwa nje kabla hayajakolea. Ndani ya kasha mlikuwa na mkanda wa ngozi wa mjomba, uliokuwa umechukua umbo la bega lake, na daftari alimokuwa akiandika funguo za nyimbo kwa penseli. Besi iko salama. Nilipomwambia mzee, hakucheka. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama mke wangu ameungua popote. Nikasema vidole viwili. Akasema nimpelekee pole.

Zile tabaka nilizimalizia kibandani kwake, chini ya macho yake, na nta nilinunua kwa mfuga nyuki wa Kisarawe. Inapakwa kama ulivyopaka dawa viatuni, nyembamba, na kusuguliwa mpaka kitambaa kiteleze; mara tatu kwa mwaka inanitosha, mara nne nikipiga sana. Mbao haing'ai kama ya dukani. Ukiigusa ina joto, na mikwaruzo yake ninaitengeneza mwenyewe kwa nusu saa, jambo ambalo wenye makoti ya poliesta hawawezi.

Siku ninazopaka linsidi, matambara yanakwenda uani, kila moja peke yake kwenye kamba, kwa kibanio chake, mpaka yakauke na kukakamaa kama ngozi ya ng'ombe. Jirani yangu, mama mmoja mwenye jicho la kufulia, aliyatazama wiki iliyopita akashindwa kuvumilia.

"Baba, mbona unaanika vitu usivyovifua?"

Nikamwambia vinakunywa hewa. Akanitazama, akaitazama kamba, akazisogeza shuka zake upande wa pili.