Kabla ya Kumlaumu Msoma Mita

Ankara ya maji ikipanda ghafla, wengi humgeukia msoma mita kwa hasira. Naomba kwanza tuitazame mita yenyewe. Usiku, tangi likiwa limejaa na watu wamelala, funga koki zote, andika namba, kisha usome tena alfajiri kabla hajaoga mtu. Zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanapotea. Uniti moja kwenye mita ni lita 1,000.

Mara nyingi ni choo cha kuflashi, maana kinavuja kimyakimya. Tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikishuka kwenye sinki la choo, mpira wa chini umechoka. Angalia na boya la tangi la juu: likikwama, maji hufurika usiku kucha, na mchanga huyanywa yote bila kuacha hata dimbwi.

Penye mgao kuna jambo jingine. Maji yanaporudi, hewa iliyojaa mabombani hutangulia, nayo inaweza kuzungusha mita. Si haki mwananchi alipie upepo. Omba mita yako ipimwe, na uende ukiwa na namba zako za usiku na za alfajiri, zimeandikwa.