Jiwe, Magoti na Maji

Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, na baadaye wakapanda hadi Litembo katika milima ya Umatengo, walikuja na fundisho ambalo katekista yeyote wa Mbinga analijua: sala na kazi. Kwa fundisho hilo jasho halimtengi mtu na Mungu. Basi kijito kinapofungwa mtambo wa kusagia, swali halikwepeki: ikiwa kazi ni ibada, aliyeyaachia maji kazi yake amepumzika au amepungukiwa? Wapo wanaojibu kwa majonzi kwamba amepungukiwa, maana mama aliyepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia alikuwa na nyimbo, wenzake na utulivu wa moyo, na mashine imemnyang'anya vyote. Jibu hilo ni tamu kwa asiyesaga.

Tuitazame kazi yenyewe. Kule milimani mahindi yalitwangwa kinuni ili yakoboke, yakapepetwa, yakalowekwa, ndipo yakapelekwa kwenye jiwe. Huku Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, muhogo mkavu hutwangwa, huchekechwa, na chenga zinazobaki hurudi kinuni. Kesho yake ni yale yale, kwa sababu unga wa leo umeliwa leo. Maandiko hayakuipamba kazi hii. Kitabu cha Kutoka, kikitaka kumtaja mtu wa chini kabisa huko Misri, aliye mbali kuliko wote na kiti cha Farao, kinamtaja mjakazi aliye nyuma ya mawe ya kusagia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni sawa na kuchukua uhai wa mtu kuwa rehani. Kwa hiyo jiwe ni uhai na ni unyonge pia; madhabahu halikuwa. Hata zile nyimbo zinazoliliwa hazisaidii hoja: ng'ambo ya ziwa, Malawi, watafiti wamekusanya nyimbo za kutwanga ambamo wanawake wanawalalamikia waume na wakwe zao. Naye Benedikto mwenyewe, katika sura ya 66 ya Kanuni yake, anataka monasteri, ikiwezekana, iwe na maji, kinu na bustani ndani ya uzio. Baba wa sala na kazi hakuona haya kuwa na kinu.

Lakini ipo hoja nzito zaidi, na historia inaiunga mkono: maji humtumikia yeyote aliyeyashika. Kule St Albans, Uingereza, katika karne ya 14, abate wa monasteri ya Kibenediktini aliwanyang'anya wenyeji mawe yao ya mkono ili wasage kwenye vinu vya monasteri kwa malipo, na mawe hayo yakatandikwa sakafuni. Waasi wa mwaka 1381 waliingia wakayang'oa. Kanuni ilikuwa ile ile, na kinu, badala ya kumwondolea mtu mzigo, kilimfunga nira. Kwa hiyo kuuliza kama mashine imemwondolea mtu jasho hakutoshi. Yatupasa kuuliza nani ameshika ufunguo wa mlango wa kinu.

Kindimba, kijiji cha Umatengo, walilijibu swali hilo kwa namna yao. Wanakijiji, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na shirika la Japani la JICA, katika mradi ulioanza mwaka 1999, walijenga mashine ya kusaga ya nguvu ya maji na kuikabidhi kwa kamati iliyopewa jina la sengu, lile baraza la kimila ambamo wakubwa wa Kimatengo walikula pamoja na kuamua mambo pamoja. Shughuli za kamati na vikundi vya kijiji hazikuishia kwenye unga. Zilifika kwenye upandaji miti na mabwawa ya samaki. Haishangazi. Mtambo wa namna hii hula maji kutoka banio, kupitia mfereji na bomba hadi kwenye turbini, na anayefyeka miti kule juu anazima mashine huku chini.

Mtu atasema dizeli na umeme havidai mikutano wala miti, tena havikauki kiangazi. Ni kweli, na mama mwenye debe la mahindi kichwani hana deni la falsafa kwa yeyote. Akasage palipo karibu. Ila hesabu ya dizeli huishia pale anapolipa, wakati hesabu ya maji hupanda mlima, na kazi iliyotoka kwenye magoti ya mwanamke mmoja hurudi ikiwa zamu ya kijiji kizima: kuzibua mfereji, kuondoa tope kwenye banio, kulinda chanzo. Hii nayo ni kazi, na inastahili kuitwa ibada kuliko ile ya jiwe, kwa kuwa imekubaliwa na kugawanywa. Sharti ni igawanywe kweli. Daftari la zamu likionyesha kwamba wanaoingia mferejini na majembe ni wanawake watupu, huku waume zao wakisubiri mgao wa mapato, wale wenye majonzi watakuwa na haki ya kurudi na hoja yao, ingawa si kwa sababu ya nyimbo.