Maji ya Ayubu

Binadamu amwonapo mwenziwe ana vidonda, aghalabu jambo la kwanza kuuliza ni mja huyu ametenda nini. Na swali hilo, ambalo Elifazi, Bildadi na Sofari walimkabili nalo Ayubu baada ya kuketi naye kimya siku 7 usiku na mchana, nami nimelitoa kwa kiumbe asiye na ulimi wa kujitetea, nyumbani kwangu hapa Kolwezi, mbele ya tangi la kioo.

Samaki wangu walikuwa wa Ziwa Tanganyika, jamii ya Tropheus, walioletwa kutoka Kalemie. Na maji ya ziwa lile, kama wajuavyo wafugaji, yana madini mengi na alkali nyingi, hata kipimo chake cha pH hukaribia 9. Mvua zilipokolea na bomba likakauka, niliona ni neema kuwajazia tangi kwa maji yaliyotiririka kutoka batini, maji mepesi yasiyo na chokaa hata chembe. Hayakupita majuma mawili, nikawaona wakijikuna kwenye mawe, ute wa ngozi umekuwa mzito kama maziwa, na vidoa vyeupe mfano wa punje za chumvi vimetapakaa mapezini. Nikamtuhumu samaki mmoja mgeni niliyemtia siku chache kabla. Laiti ningalikwangua ute kidogo nikautazama kwa hadubini, ningalimwona msababishi mwenyewe, kimelea cha duara chenye vinyweleo, kikijizungusha polepole, na kiini chake kimepinda kama kiatu cha farasi; na laiti, kabla ya hayo yote, ningaliyapima maji.

Badala yake nilitia mrututu. Sisi wa mji wa shaba twaijua chumvi hiyo ya buluu, izaliwayo shaba ikutanapo na tindikali ya kiberiti, na ni kweli kwamba wafugaji huitumia kuulia vimelea tangu zamani. Lakini kimelea hiki kikiwa chini ya ngozi, ngozi yenyewe hukikinga na dawa. Huuawa tu baada ya kudondoka, kujigawa mamia, na watoto wake kutoka kuogelea wakitafuta mwenyeji. Na shaba, ambayo katika maji yenye alkali nyingi hufungwa na kupungua makali, katika maji mepesi hubaki huru ikayachoma matamvua. Kanuni ya wajuzi ni kuigawa alkali ya maji, ikihesabiwa kama chokaa kwa miligramu katika lita, kwa 100, na jawabu ndilo kiasi cha miligramu za mrututu kwa kila lita. Nayo ikiwa chini ya 50, mrututu usitiwe kabisa. Mimi nilitumia kipimo cha maji ya Tanganyika ndani ya maji ya mbinguni. Asubuhi samaki watatu walikuwa wameelea, na yule mgeni niliyemtuhumu alikuwa mmoja wao.

Tangu siku ile nimeisoma upya habari ya Nabii Ayubu kama isimuliwavyo katika Sura ya Sad, ambamo mgonjwa haulizwi dhambi yake. Anaamrishwa kuipiga ardhi kwa mguu, na mara yanapatikana maji ya baridi, ya kuoga na ya kunywa. Kwa samaki wa maji baridi amri hizo mbili ni moja, kwani yeye hana haja ya kunywa: maji humpenya daima kupitia matamvua na ngozi, hata haiwezekani kuonyesha mahali ambapo mwili wake unaanza na dunia yake inakoma. Basi ngozi yake inapotoa ushuhuda, inamshuhudia nani? Na marafiki wa Ayubu walikosa wapi, ikiwa si kuusoma mwili kama hati ya mashitaka dhidi ya mwenye mwili?

Swali hili halikomei kwenye kioo. Mwaka 2006, penye makutano ya Chobe na Zambezi, wavuvi walianza kuopoa samaki wenye vidonda vyekundu vilivyochimbika hata nyamani. Na mwaka 2014 maradhi hayo yalizuka katika vinamasi vya Bangweulu, ambavyo maji yake hushuka kwa Luapula, hupita Mweru, kisha kwa Luvua huingia Lualaba hii hii yetu, kule Ankoro. Wataalamu walimkuta nyamani kijidudu kinachofanana na ukungu, Aphanomyces invadans. Lakini wanaeleza pia kwamba mara nyingi hupata mlango pale mafuriko yanapoosha ardhi na kuyatia maji ukali wa asidi, ngozi ikadhoofika. Mtoni hakuna dawa ya kutia. Nasi twaishi kwenye mkondo wa juu wa Lualaba, baina ya Musonoi na Luilu, mito inayopokea yatokayo migodini na viwandani, na mvuvi wa Nzilo akileta samaki mwenye kidonda sokoni, mnunuzi humgeuza, humkunjia uso, humrudisha kapuni, akamtafuta mwingine.

Tangi langu sasa lina maji tu, na mawe ya chokaa niliyoyapanga chini. Kila alfajiri nayapima, nayaandika katika daftari. Jana alkali yake ilifika 140.