Mzigo Usio na Mpokeaji

Mjomba wangu wa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ana saratani ya ini. Mwaka jana, Dar es Salaam, madaktari walipitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi kwenye ini, wakaingiza dawa na kuziba mshipa unaoulisha uvimbe. Ini lenye afya hupata takriban asilimia 75 ya damu yake kupitia mshipa utokao matumboni. Saratani hii hutegemea zaidi ateri. Ukiiziba, uvimbe hufa njaa, ini likabaki.

Baada ya mwezi mmoja alipigwa picha ya CT. Aliniuliza swali moja: "Umepungua?"

Haukuwa umepungua. Lakini picha hiyo haisomwi kwa ukubwa tu. Mgonjwa huchomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Sehemu ya uvimbe inayong'aa ingali hai, isiyong'aa imekufa. Uvimbe wake ulikuwa umezimika, isipokuwa ukingo mmoja. Tiba ikarudiwa.

Sasa ini limechoka, na daktari amesema hawezi kuziba tena. Hata hivyo familia ilitaka aende kupiga picha nyingine. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Mjomba akakataa: "Mpwa wangu, nikiukuta ukingo unang'aa, mtaufanya nini?"

Nikalipeleka swali kwa mama. Akajibu, "Tutajua. Kujua nako si kitu?"

Ni kitu. Mtu mwenye shamba la kugawa au deni la kulipa anahitaji kujua amebakiwa na muda gani. Lakini mjomba alishagawa shamba, na madeni kalipa.

Wapagazi wa Kinyamwezi walipita njia hii wakielekea Bagamoyo, pembe za ndovu begani, na kila mzigo ulikuwa na mtu wa kuupokea pwani. Picha yetu ilikosa mpokeaji. Hakuna tiba iliyokuwa ikiisubiri. Tulichotaka ni kutuliza hofu yetu, na tukataka mgongo wa mgonjwa uibebe zaidi ya kilomita 800.

Siku hizi naamini kwamba kabla ya kumpeleka mtu kwenye mashine, tunawajibika kumwambia jibu litafanya kazi gani. Likikosa kazi, uamuzi ni wake, na akikataa hajakata tamaa.

Nauli tuliyochanga tumenunulia dawa za maumivu. Jana alilala usiku kucha.